Nani Aliyevimbisha Jibini?

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vilima vya Mushaki, Umwali alipanda malishoni akiwa na vyombo viwili vya maziwa. Mgongoni alibeba bidoni ya njano, dumu la plastiki lenye mdomo mwembamba, iliyoning'inia kwa mkanda uliopita juu ya paji la uso, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba kuni na magunia ya viazi. Mkononi alishika kopo la alumini, lenye mdomo mpana, ambalo lilikuwa mali ya babu yake. Huko juu kaka yake Tuyishime alikuwa amekwisha kukamua ng'ombe. Umwali alijaza vyombo vyake, akashuka, akamkabidhi mama yake maziwa, akaosha vyombo, akanawa miguu, akavaa sare na kukimbia shuleni. Alikuwa darasa la sita.

Mama yake, Emérita, alikuwa mtengenezaji wa jibini. Kwetu tunaiita fromaje, na fromaje ya Masisi, eneo letu hili, inaliwa mpaka Goma na kupita Goma. Kazi yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Maziwa yote humiminwa katika sufuria moja, hupashwa moto, hutiwa dawa ya kugandisha. Yakiganda hukatwakatwa, hujazwa ndani ya vyombo vya mviringo vyenye matundu, na kukandamizwa kwa mawe ili maji yatoke. Kesho yake jibini hutolewa, huzamishwa katika maji ya chumvi, kisha hupangwa rafuni ikomae. Jibini nzuri ni bapa na imara. Ukiigonga kwa kidole, inaitika kama mlango.

Basi asubuhi moja Mama Emérita aliondoa mawe, akakuta jibini zimekataa kuwa bapa. Zilikuwa zimetuna kama mashavu ya mtoto anayepuliza moto. Alipoigonga moja, haikuitika kama mlango. Ilitoa sauti ya ngoma mbovu.

"Papa Tuyishime!" aliita. "Kuja uone maajabu."

Papa Ndagijimana, mumewe, alikuja akiwa na mswaki mdomoni. Nyuma yake alikuja mdogo wake, Nsengimana, ambaye aliishi ua wa pili na ambaye hakuna jambo lililotokea Mushaki bila yeye kujua sababu yake.

"Ni chumvi," alisema Nsengimana kabla hata hajainama. "Shemeji anabania chumvi."

"Chumvi tunatia kesho yake, shemeji," alisema Mama Emérita. "Hizi zimevimba hata chumvi hazijaionja."

"Njo sababu yenyewe sasa! Zinavimba juu ya kuingojea."

Mama Emérita alifumba macho kidogo, akayafumbua. Umwali aliyekuwa mlangoni na begi la shule alibanwa na kicheko, lakini aliuona uso wa mama yake, akakimeza.

Siku hiyo walizidisha chumvi. Kesho yake jibini nyingine zikavimba. Mzee mmoja wa jirani akasema ni upepo unaoingia kwa mlango, basi rafu zikahamishwa na ukuta ukazibwa nyufa kwa udongo. Jibini zikavimba. Mwingine akasema mawe ni mepesi. Wakaongeza mawe hadi meza ikalia, na jibini zikavimba chini ya mzigo huo huo, zikatokeza kingo zake nje kama unga uliozidi sufuria. Kila mtu alikuwa na dawa ya uvimbe, na hakuna aliyeuliza uvimbe wenyewe unatoka wapi.

Papa Ndagijimana alichoka. Alikuwa mtu wa kazi, mpole kwa ng'ombe, lakini hakupenda kitu kimshinde nyumbani kwake. Alikwenda kwenye baiskeli kuukuu, akang'oa spoku moja ya gurudumu, akainoa kwenye jiwe. Kisha akaichoma jibini ya kwanza katikati. Psss! Hewa ikatoka na harufu mbaya. Akaikandamiza kwa viganja mpaka ikalala, akaziba tundu kwa samli ya vuguvugu na kulifuta kwa kitambaa.

"Umeona?" alisema, akiigeuza huku na huku. "Imepona."

"Imepona," aliuliza Mama Emérita, "ao umeinyamazisha?"

"Mwanamke, iko bapa ao haiko bapa?"

"Iko bapa."

"Basi."

Zote alizifanya hivyo. Rafu ikapendeza machoni, na kwa siku kadhaa nyumbani kukawa na amani ya uongo.

Jibini za nyumba hiyo zilinunuliwa na Mama Adrienne Kasika, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka kando ya barabara na lori lililoshuka Goma kila wiki. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, Mkatoliki wa kukata na shoka ambaye hakufungua duka kabla ya kufanya ishara ya msalaba, wala hakuamini bidhaa ambayo hajaikata. Alipofika kuchukua mzigo, alitoa kisu chake, akachagua jibini moja na kuipasua katikati.

Ndani ilikuwa matundu matupu, madogo madogo, kama kipande cha godoro.

Mama Adrienne aliinua nusu moja, akaiweka mbele ya jicho, akamtazama Papa Ndagijimana kupitia matundu hayo.

"Papa Ndagijimana, mi nakuona."

Hakuna aliyecheka.

"Mi nauzisha fromaje," aliendelea, sasa bila mzaha. "Siuzishe pumzi. Na hapa juu ni nini? Samli? Mumechoma, mukaziba?" Alipangusa kisu chake polepole. "Tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Nitapita tena wiki ijayo. Nikikuta matundu, nitapeleka lori yangu kwa wengine, na tutabaki kusalimiana tu."

Maneno hayo hayakukaa nyumbani. Shuleni, Astrid, mpwa wa Mama Adrienne aliyekaa dawati moja na Umwali, alimngojea langoni.

"Umwali! Leo munapika fromaje ao mipira ya kuchezea?"

"Nyamaza, Astrid."

"Si mi nasema, ni watoto wote. Wanauliza kama inaruka ukiipiga teke."

Umwali alijibu kwamba ulimi wa Astrid ndio uliovimba, na wote wawili wakaamriwa kusimama ukutani hadi kengele ilipolia.

Jumapili jioni Papa Ndagijimana aliwaita wote uani. Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti, kama hakimu.

"Nimefikiri," alisema. "Nimepata. Ni Gaju."

Umwali aliinua kichwa.

Gaju alikuwa ng'ombe wa rangi ya kahawia nyepesi, mwenye doa jeupe kifuani. Familia iliporudi Mushaki kutoka Goma, walikokimbilia wakati wa vita, haikuwa hata na mbuzi wa kufunga kwenye mti. Bibi yake Umwali alishuka kutoka kijijini kwake akivuta ndama, akampa Umwali kamba mkononi mbele ya watu wote na kusema, "Anza na huyu." Ng'ombe wengine walikuja baadaye, mmoja mmoja. Kwa desturi yetu, ng'ombe wa kupewa si mali tu. Ni kamba inayofunga aliyetoa na aliyepokea. Kumpeleka buchani ni kama kuikata kamba hiyo mchana kweupe. Na Gaju ndiyo kwanza alikuwa amezaa, ndama wake bado anajikwaa kwa miguu yake mwenyewe.

"Mbele Gaju hajazaa," alisema Papa Ndagijimana, "fromaje haikuvimba. Gaju amezaa, tumeanza kutia maziwa yake, fromaje imevimba. Munataka ushahidi gani tena?"

"Mbele Gaju hajazaa, paa la kanisa halikuvuja," alisema Mama Emérita. "Sasa linavuja. Hiyo pia ni Gaju?"

"Usinichezee, Mama Tuyishime."

"Sichezi. Juzi ilikuwa chumvi. Jana upepo, halafu mawe. Leo Gaju. Kesho itakuwa nani, mimi?"

"Chumvi hatujaimaliza," alinong'ona Nsengimana.

"Baba mudogo, tafadhali!" alisema Umwali kwa sauti iliyompita nguvu, akajiziba mdomo.

Papa Ndagijimana hakumkaripia. Sauti yake hata ilishuka. "Mwanangu, najua huyo ni ng'ombe wako. Lakini maziwa yake ina ugonjwa, na Mama Adrienne akituacha, tutakula nini? Nimesema na Kanyamibwa. Siku ya soko atakuja na kamba."

Kanyamibwa alikuwa mchinjaji. Siku ya soko ilikuwa Alhamisi, na hiyo ilikuwa Jumapili.

Umwali hakula. Alikwenda kukaa karibu na ndama, akafikiri kwa hasira, na hasira si mwalimu mzuri wa kufikiri. Kwanza alimchukia baba yake. Kisha akaanza kuogopa kwamba baba yake amesema kweli, maana ni kweli uvimbe ulifika pamoja na maziwa ya Gaju. Mwishoni akapata hila. Kama maziwa ya Gaju hayataingia sufuriani, jibini zitakuwa nzuri. Zikiwa nzuri, baba atasahau habari ya Gaju. Hakuona kwamba hila yake ilikuwa ndugu ya spoku ya baba yake: kuficha jambo mpaka watu wasilione.

Jumatatu asubuhi alimsihi kaka yake malishoni.

"Gaju usimkamue. Acha ndama anyonye yote."

"Na papa akiuliza?" alisema Tuyishime.

"Nitajibu mimi."

"Sawa. Lakini mi sijui kitu, sijasikia kitu, na hata hapa sikuwa."

Umwali aligawa maziwa ya ng'ombe wengine kama alivyozoea. Sehemu kubwa alitia kwenye bidoni, kwa kuwa mgongo una nguvu kuliko mkono, na iliyobaki akatia kwenye kopo. Alipofika nyumbani mama yake alichungulia sufuria.

"Maziwa imepunguka."

"Gaju ametoa kidogo," alisema Umwali, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake.

Baba yake aliyekuwa akikata majani alisimama wima. "Umesikia? Hata kukamuka kunamshinda! Ng'ombe mzima anakosa maziwa? Huyo ni mgonjwa kabisa, nilisema mimi!"

Umwali alitamani ardhi immeze. Alikuwa amekwenda kumtetea Gaju, na sasa uongo wake ulikuwa shahidi wa pili dhidi yake.

Hata hivyo alijipa moyo. Kesho, alijiambia, jibini zitatoka bapa.

Jumanne jibini zilitoka zimevimba. Zilivimba kwa fahari, moja hata ilipasuka ubavuni. Baba yake alizitazama, akapiga paja. "Maziwa kidogo tu ya Gaju imefanya hivi! Fikirini kama yangekuwa mengi!"

Umwali alisimama akiwa ameduwaa. Hakukuwa na tone moja la Gaju ndani ya jibini hizo, hata tone moja. Alilijua jambo ambalo hakuna mwingine uani alilijua, na hakuweza kulisema bila kujisema mwenyewe. Shuleni siku hiyo aliulizwa mto mkubwa wa nchi yetu, akajibu, "Gaju." Darasa zima lilicheka, Astrid kuliko wote. Lakini baadaye Astrid alimmegea kipande cha muhogo, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Kweli watamuchinja?"

"Alhamisi."

"Na we unakaa tu?"

Umwali hakukaa. Aliporudi mchana hakuvua hata sare. Baba yake, mama yake na Nsengimana walikuwa chini ya ukumbi wa chumba cha jibini, wakibishana kuhusu bei ya ng'ombe mgonjwa.

"Papa," alisema, "nimefanya vibaya. Jana nilidanganya. Gaju hakukamuliwa. Ndama amenyonya yote. Kwa ile fromaje ya leo, Gaju hayumo."

Papa Ndagijimana aliinuka taratibu. "Umenyonyesha ndama maziwa ya nyumba nzima? Na ukanidanganya machoni?"

"Ndiyo, papa."

"Na Tuyishime?"

"Mimi njo nilimulazimisha."

"Mutoto huyu! Yaani sisi tunatafuta ugonjwa, na we unatuficha! Leo utaniambia..."

"Subiri," alisema Mama Emérita.

"Nisubiri nini? Hujasikia alichofanya?"

"Nimesikia vizuri kuliko wewe. Ataadhibiwa, hiyo itakuja. Lakini rudia, Umwali. Leo Gaju hayumo?"

"Hayumo, mama. Hata tone."

"Na fromaje imevimba."

"Imevimba."

Mama Emérita alimgeukia mumewe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka kubeba gunia na sasa ameona mahali pa kulitua. "Papa Tuyishime, muntu hayuko mahali, na wizi umefanyika pale. Utamufunga yeye?"

Papa Ndagijimana akakaa.

"Sasa tuulize vizuri, maana tangu mwanzo tulikuwa tunauliza vibaya," aliendelea mama. "Sote tulipigana na uvimbe. Uvimbe tumeuchoma, tumeuzidishia mawe, tumeuzibia upepo. Lakini kuvimba si ugonjwa. Ugonjwa uko nyuma yake, unatuangalia tunavyohangaika. Tena, ni kweli jambo hili lilianza wakati wa Gaju. Ni nini kingine kilianza wakati huo huo?"

Kuku alipita akiparura.

"Chumvi mpya ya..." alianza Nsengimana.

"Shemeji!"

Umwali alifikiri. Kabla Gaju hajazaa, maziwa yalikuwa machache. Asubuhi alipanda na kopo la babu tu, nalo lilitosha. Gaju alipoanza kukamuliwa, maziwa yalizidi kopo, ndipo baba yake akanunua... Aligeuza kichwa. Kwenye ncha ya mti wa ua, bidoni ya njano ilikuwa imening'inizwa kichwa chini ikauke, inang'aa juani.

"Bidoni," alisema.

"Bidoni iko safi!" alisema baba yake. "Mi mwenyewe nilichagua. Angalia vile inang'aa. Nusa!"

Umwali alinusa mdomo wa bidoni. Haikunuka sana. "Kila siku naiosha, papa. Natia maji moto na mchanga, natikisa mpaka mikono inauma. Mkono hauingii kama kwa kopo, lakini natikisa."

Mama Emérita aliichukua. Aliitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa nyumbani mwake siku nyingi bila kuulizwa jina. Akaigeuza upande, akaubana mkono wa kuishikia bidoni kwa vidole viwili, mkono ule wa juu uliofinyangwa pamoja na bidoni yenyewe. Kutoka ndani ya mdomo likachuruzika tone zito, jeupe lenye umanjano.

"Huu mkono wa bidoni uko mutupu ndani?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Umwali, akianza kuelewa. "Iko wazi pande mbili. Nikiinama njiani, maziwa inaingia humo."

"Na mchanga wako?"

"Mchanga unabaki tumboni mwa bidoni." Sauti yake ilififia. "Humo haufiki. Hakuna kitu kinafika humo."

Mama alimnyoshea mumewe bidoni. "Leta panga."

"Mama Tuyishime, hiyo ni bidoni nzima! Mpya!"

"Na Gaju ni ng'ombe mzima. Leta panga."

Papa Ndagijimana alileta panga. Alipiga mara moja, mkono wa bidoni ukafunguka kama ganda la haragwe. Nsengimana, aliyekuwa ameinama karibu ili awe wa kwanza kujua, alirudi nyuma akiziba pua kwa kofia. Ndani ya mkono ule, kutoka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na maziwa yaliyooza ya siku nyingi, mazito, ya rangi ya kijani na manjano, yakitoa mapovu madogo madogo. Kila asubuhi maziwa mapya yalipita humo, yakachukua uozo kidogo, yakaenda kuumwaga katika sufuria moja na maziwa mengine yote.

Papa Ndagijimana akajikuna shingo. "Basi ni bidoni. Tumemaliza."

"Hatujamaliza," alisema mkewe, na sasa hata yeye alicheka kidogo kwa uchovu. "Ulisema tumemaliza kwa spoku. Ukasema tumemaliza kwa Gaju. Kesho ng'ombe wote watakamuliwa, na Gaju pamoja. Maziwa itakuja kwa kopo tu. Kitu kingine tusiguse, hata chumvi. Alhamisi asubuhi fromaje yenyewe itasema."

Jumatano Umwali alipanda kilima mara mbili, kwa kuwa kopo lilikuwa dogo na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Tuyishime, aliyepewa adhabu ya kusafisha zizi lote, alimkamua Gaju bila kumtazama dada yake. "Na nilikuambia mi sikuwa hapa," alinung'unika. Umwali alichelewa shule na kufagia uwanja, lakini hakujali. Alifagia akihesabu moyoni saa zilizobaki.

Alhamisi, Kanyamibwa alifika mapema akiwa na kamba begani. Alikuwa mtu wa haraka, asiyependa maneno.

"Ng'ombe iko wapi?"

"Ngojea kidogo," alisema Papa Ndagijimana.

"Ningojee nini? Soko linajaa."

"Tunangojea fromaje."

"Mi nimekuja juu ya nyama, munaniambia fromaje!" Kanyamibwa aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta mwenye akili. "Hii nyumba iko na nini?"

Mama Emérita aliondoa mawe. Umwali alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mama akafungua chombo cha kwanza, akaigeuza jibini juu ya ubao na kuondoa kitambaa.

Ilikuwa bapa. Ya pili bapa. Ya tatu, ya nne, zote bapa, kingo zake zimenyooka kama zimekatwa kwa uzi. Papa Ndagijimana alichukua kisu mwenyewe, akakata moja katikati. Ndani ilikuwa nyeupe, imeshikana, bila tundu la kupitisha hata sindano.

"Umwali," alisema, "gonga."

Umwali aligonga kwa kidole. Jibini iliitika kama mlango.

Alitoka mbio mpaka zizini, akamkumbatia Gaju shingoni. Gaju, ambaye siku zote hizo hakujua kwamba ameshitakiwa wala kwamba ameachiliwa, aliendelea kutafuna. Kanyamibwa aliizungusha kamba yake tupu begani na kuondoka akisema peke yake njiani.

Mama Adrienne alipokuja, Papa Ndagijimana hakungoja aulizwe. Alimweleza habari ya spoku na samli yeye mwenyewe, akiwa amesimama, kofia mkononi. Mama Adrienne alimsikiliza hadi mwisho, akakata jibini, akatazama, akafanya ishara ya msalaba. "Leo sikuoni," alisema, na akaanza kupakia.

Jioni, Papa Ndagijimana aliketi tena kwenye kile kigoda. Lakini safari hii hakuketi kama hakimu.

"Umwali, mwanangu, sikiliza. Tuyishime, na wewe. Ile fromaje ilikuwa inatuonya. Kuvimba kulikuwa mjumbe, amekuja kusema kwamba kuna kitu kimeoza mahali. Mimi nikamchoma mjumbe kwa spoku, nikamziba mdomo kwa samli, nikasema habari mbaya imekwisha. Na wewe, ulipodanganya juu ya Gaju, ulifanya kama mimi. Bila ukweli wako wa Jumanne tungemuuza asiye na kosa, na tungebaki na bidoni. Muntu akikohoa, usimzibe mdomo. Tafuta kifua kina nini."

"Na lile la pili," alisema Mama Emérita, akipangusa mikono. "Wageni wawili wakifika mlangoni siku moja, si lazima mmoja amemuleta mwenzake. Gaju na uvimbe walifika pamoja, njo tukamfunga Gaju. Ukitafuta chanzo, usimkamate wa kwanza unayemuona. Uliza ni nani mwingine aliingia. Halafu mwondoe mmoja, umuache mwingine, uone shida inabaki na nani."

"Ndiyo, mama," alisema Umwali.

Ule mkono wa bidoni uliopasuliwa waliuosha kwa maji yanayochemka, wakautundika kwa msumari ukutani mwa chumba cha jibini, mahali ambapo kila anayeingia na jibu la haraka lazima auone.

Nsengimana alikuwa wa kwanza kuingia. Aliionja jibini, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo.

"Munaona sasa?" alisema. "Chumvi imetosha."

Mama Emérita alimtazama shemeji yake. Akautazama ule mkono ukutani. Kisha akamkatia kipande kingine, kikubwa, ili mdomo wake upate kazi.